Gemu ya Kilwa juu ya injini ya OpenMW: je, ni halali, na tuanzie wapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi na mwenzangu tuko Tanga. Tunataka kutengeneza gemu ya RPG ya Kiswahili inayotokea Kilwa ya karne ya 14. Mchezaji ni karani wa forodha, anazunguka mjini, anaongea na watu, anamtafuta anayeiba dhahabu ya Sofala. Tumeiona OpenMW, ile injini iliyoandikwa na wapenzi wa Morrowind. Ni ya bure na inafanya karibu kila tunachotaka. Lakini wapo wanaotuambia huo ni wizi, wapo wanaosema lazima kila mchezaji anunue Morrowind kwanza, na wapo wanaosema leseni yake ya programu huria, GPL, itatulazimisha kugawa gemu bure. Mwenzangu anasema tubadilishe tu picha na majina ndani ya Morrowind, miezi mitatu tumemaliza. Mimi naandika msimbo kidogo, yeye anatumia Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D. Tuna laptop moja ya RAM ya GB 8 na nyingine ya GB 4. Je, inawezekana, au tuhamie injini nyingine, Godot?"*

Marahaba, ndugu yangu. Umekuja na hofu mbili: ya sheria, na ya ukubwa wa kazi. Ya sheria ni nyepesi kuliko mnavyoambiwa. Ya kazi ni nzito kuliko anavyodhani mwenzako. Inawezekana, ni halali, na mchezaji wenu hatahitaji kununua Morrowind. Katika yote mliyoyataja, jambo moja tu lingewatia matatani, nalo ni hilo la kubadilisha picha na majina ndani ya Morrowind.

Tutenganishe vitu viwili. Morrowind ni gemu ya Bethesda ya mwaka 2002. OpenMW ni programu iliyoanza kuandikwa mwaka 2008 na watu wengine kabisa, upya kuanzia mstari wa kwanza, ili isome faili za gemu hiyo. Injini inajua kufungua mlango, kuhesabu saa za mchana na usiku, kumfanya mtu akwepe ukuta, kukumbuka kwamba uliacha kisu juu ya meza. Haina ndani yake jengo, mtu wala neno lolote la hadithi ya Bethesda. Hayo yote yamo kwenye data, na data ni mali ya Bethesda. Dhana ya kwamba lazima kununua Morrowind imetokana na hapo: watumiaji wengi wa OpenMW wanataka kucheza Morrowind yenyewe, kwa hiyo wanahitaji data yake. Ninyi mtaleta data yenu.

Sasa ukiifungua data ya Morrowind ukabadilisha majina, umeendelea kujenga juu ya mali ya mtu, hata kama asilimia tisini umeibadilisha. Tena kihariri kilichokuja na Morrowind kina masharti yake yanayokataza kuuza kilichotengenezwa kwacho. Kiacheni. Tumieni OpenMW-CS, kihariri cha mradi wenyewe wa OpenMW, na mkifungue kwa kuchagua gemu mpya, ambayo itawapa faili yenye mwisho wa `.omwgame`.

Kuna mtego mmoja hapa ambao huwanasa hata watu waaminifu. Mtu ana Morrowind kwenye kompyuta yake, na folda ya data yake imeorodheshwa kwenye `openmw.cfg`, faili ya mipangilio ya injini. Anajenga gemu yake, anasahau kutengeneza picha ya fremu ya dirisha, injini inaipata kimyakimya kwenye folda ya Morrowind, naye anaona kila kitu kiko sawa. Siku akimpelekea rafiki, nusu ya vitu vimegeuka waridi kali, rangi ambayo injini huonyesha pale picha inapokosekana. Au vibaya zaidi, amezipakia zile picha pamoja na gemu yake na kuziuza. Kwa hiyo kompyuta mnayojengea isiwe na Morrowind kabisa. Na tangu leo wekeni jedwali moja: jina la faili, nani kaitengeneza, imetoka wapi, leseni gani, tarehe. Kwenye leseni za wazi za Creative Commons, kitu cha CC0 kiko huru. CC BY kinataka mtaje jina la mwenyewe. Chenye NC ndani ya leseni hakiuzwi. Na wimbo wa taarabu wa zamani hauwi wa bure kwa sababu ya uzee wake. Una mtunzi, una waimbaji, una aliyeurekodi.

Kuhusu GPL toleo la 3, ambayo ndiyo leseni ya OpenMW: leseni inafuata msimbo wa injini. Haifuati sura za watu wenu, sauti, wala hadithi. Mnaweza kuuza gemu. Mkigawa injini pamoja na gemu, hata bila kuibadilisha herufi moja, mnawajibika kumwezesha mpokeaji kupata msimbo wake. Njia rahisi ni kuweka maelekezo dhahiri, pale pale anapopakulia, ya mahali msimbo wa toleo hilo hilo ulipo, na kuhakikisha haupotei muda wote mnaogawa. Mkiibadilisha injini, mabadiliko yenu nayo yanatoka wazi. Eneo lenye ukungu ni skripti za Lua, lugha ndogo ya kuandikia amri za gemu, kwa sababu zinaita kazi za ndani ya injini moja kwa moja. Ushauri wangu ni kuzitoa nazo kwa GPL toleo la 3 na kubaki na haki zote za picha, sauti na maandishi. Mtapoteza kidogo sana. Jihadharini pia na duka la Apple, ambalo masharti yake hugongana na GPL, na kuunganisha injini na maktaba za msimbo za duka la Steam. Kuuza pale bila kuziunganisha hakuna shida hiyo.

Hapo sheria inaisha. Sasa kazi.

OpenMW si kiwanja kitupu. Ni nyumba iliyokwisha kujengwa kwa vipimo vya Morrowind, na kuta nyingine hazivunjiki bila kuingia kwenye C++, lugha iliyoandikiwa injini yenyewe. Sifa za msingi za mhusika ni nane na ujuzi ni ishirini na saba. Mnaweza kuzibadilisha majina, kwa kuwa majina yake ni mipangilio ya maandishi ndani ya faili yenu, mfano `sSkillMercantile`, lakini idadi ni ile ile. Fedha inatambulika kwa kitambulisho kimoja, `gold_001`. Mkiipa sarafu yenu ya shaba kitambulisho kingine, wachuuzi hawataiona kuwa ni fedha. Iacheni iitwe `gold_001` kwa ndani, na jina linaloonekana liwe "Sarafu". Kalenda nayo ina miezi kumi na miwili yenye urefu wa Januari hadi Desemba. Mkiiandika Muharram juu ya mwezi wa kwanza, mtakuwa na Muharram ya siku 31, na mtu wa pwani ataiona siku ya kwanza. Afadhali kuficha tarehe na kuonyesha saa tu.

Kwa hiyo kabla ya Blender kufunguliwa, kaeni na karatasi mpange ujuzi wote ishirini na saba. Karani wa forodha anahitaji kupatana bei, ulimi wa kushawishi, kunyata na kufungua kufuli. Upinde, upanga na mkuki huenda vikabaki kwa walinzi tu. Ujuzi usiotumika hauwezi kuondolewa orodhani kwa urahisi, basi upeni kazi ndogo ya maana ndani ya hadithi au mwekeni mchezaji darasa moja lililopangwa tayari, ujuzi huo ukae chini kabisa ya dirisha.

Kuanza, msianze na folda tupu. Injini inategemea kukuta vitu fulani: mifupa ya msingi ya mtu, umbo la anga na mawingu, picha za mipaka ya madirisha, mshale wa kipanya, na mamia ya thamani za rangi za hali ya hewa zinazoandikwa kwa mistari ya `fallback=` ndani ya `openmw.cfg`. Thamani hizo zisipokuwepo, mbingu na mwanga haviwi kama mnavyotarajia. Mradi wa OpenMW una kiolezo cha gemu pamoja na mfano mdogo unaochezeka, vyote bila kitu chochote cha Bethesda. Chukueni kiolezo na faili zake mbili za mipangilio, `openmw.cfg` na `settings.cfg`, kisha badilisheni kipande kimoja kimoja mpaka kiwe chenu. Kwenye `settings.cfg` kuna sehemu iitwayo `[Models]` ambamo mnaielekeza injini faili za mifupa na anga ziko wapi. Jina likikosewa herufi moja, gemu huweza kufunga kabla ya kuonyesha kitu. Kila ikifunga, jibu limo kwenye `openmw.log`, katika folda ile ile ya mipangilio. Someni kuanzia chini kwenda juu.

Gemu mpya huanzia wapi? Hili husumbua karibu kila mtu. Mkibonyeza kuanza gemu, injini huendesha skripti za mwanzo, na kama hakuna iliyomweka mchezaji mahali, humtupa katikati ya seli ya nje ya 0,0, yaani kipande cha ramani chenye namba hiyo. Kama hamkujenga kitu hapo, anajikuta baharini. Tena madirisha yote, yaani begi, ramani, sifa na uchawi, huwa yamefungwa mpaka skripti iyafungue, kwa sababu Morrowind iliyafungua moja moja wakati wa kuunda mhusika. Ukijaribu gemu kwa amri ya `--skip-menu` pamoja na `--start`, hukutani na hali hiyo, kila dirisha linafunguka. Unamkabidhi mtu, anaanza kwa menyu ya kawaida, begi halifunguki na kuhifadhi kwa haraka hakukubali. Hii ndiyo skripti ndogo kuliko zote inayotosha, na iwekwe kwenye jedwali la skripti za mwanzo:

```
Begin KW_Mwanzo
short tayari
if ( tayari == 0 )
    player->PositionCell 0 0 0 0 "Kilwa, Forodhani"
    EnableStatsMenu
    EnableInventoryMenu
    EnableMapMenu
    EnableMagicMenu
    set CharGenState to -1
    set tayari to 1
endif
StopScript KW_Mwanzo
End
```

`CharGenState` itengenezeni kama kigezo cha gemu nzima. Thamani ya -1 ndiyo inayoiambia injini kwamba kuunda mhusika kumekwisha.

Vipimo sasa, na hapa mwenzako wa Blender asikilize vizuri. Mita moja ni takriban vizio 70. Mlango wa mita mbili ni vizio 140. Seli moja ya nje ni vizio 8192 kila upande, yaani kama mita 117. Ardhi ya seli ina nukta 65 kwa 65, kila nukta iko umbali wa vizio 128 na mwenzake, karibu mita 1.8. Maana yake ngazi, kingo za gati na misingi ya nyumba haviwezi kufinyangwa kwenye ardhi. Lazima viwe maumbo ya Blender. Rangi ya ardhi ni pana zaidi: seli hupakwa kwa viraka 16 kwa 16, kila kiraka kama mita saba. Fikirini kichochoro cha mji wa pwani, upana wa mtu na mzigo wake, mita moja na nusu, kuta za matumbawe huku na huku. Hakuna namna ya kupaka sakafu ya kichochoro hicho kwa rangi ya ardhi. Kiraka kimoja kitaingia ndani ya nyumba za pande zote mbili. Tengenezeni sakafu za vichochoro kama vipande vya umbo, viwili vitatu vya kuungana, na ardhi iachwe iwe mchanga mtupu chini yake.

Maumbo yanaweza kuwa ya NIF, ambayo ni aina ya zamani, au Collada yenye mwisho wa `.dae`, ambayo injini inaisoma pamoja na mwendo wa mifupa tangu toleo la 0.47. Kwa Blender chagueni Collada, kwa kutumia kitoa-faili kilichorekebishwa kwa ajili ya OpenMW. Picha zihifadhiwe kama DDS, pande zake ziwe 512 au 1024. Picha ya 1024 iliyobanwa kwa DXT1 inakula kama MB 0.67 ya kumbukumbu pamoja na nakala zake ndogo za mbali. Ile ile bila kubanwa inakula zaidi ya MB 5. Kwenye laptop ya GB 4 hiyo ndiyo tofauti kati ya kutembea na kusotasota. Na kwa heshima zote kwa hiyo laptop ya GB 4, ndiyo iwe kipimo chenu: gemu ikikataa hapo, itakataa kwa wachezaji wengi mnaowataka.

Mwendo wa watu una kanuni yake. Kila tendo lina jina ambalo injini inalisubiri, `idle`, `walkforward`, `runforward` na mengineyo, na kila moja lina alama ya kuanza, mwanzo wa mzunguko, mwisho wa mzunguko na kusimama. Kwa Collada alama hizo huandikwa kwenye faili ya maandishi yenye jina sawa na umbo. Kosa la kawaida kabisa ni kumfanya mtu atembee papo hapo, kama aliye juu ya mashine ya mazoezi. Injini hupima kasi ya miguu kwa kuangalia mfupa wa mzizi umesogea kiasi gani ndani ya mzunguko mmoja. Mzizi usiposogea, haina cha kupima, na mtu ataonekana anateleza kama aliyekanyaga sabuni. Usogezeni mbele kweli ndani ya Blender. Injini itaushughulikia msogeo huo yenyewe.

Watu wa kawaida katika injini hii huunganishwa kwa vipande: kichwa, shingo, kifua, viganja, kila kipande umbo lake, kwa kila jinsia na kabila. Ni kazi kubwa. Kwa gemu ya watu wawili kuna njia ya mkato: wanakijiji wengi wawekeni kama viumbe, sio kama watu. Kiumbe ni umbo moja zima lenye mifupa yake, na injini inamruhusu azungumze, auze na anunue. Mchezaji hataona tofauti. Anayepoteza ni yule anayepaswa kubadilisha mavazi mbele ya macho, basi wachache hao ndio wajengwe kwa vipande.

Sasa mazungumzo, ambayo kwa gemu yenu ndiyo moyo. Mfumo ni wa mada. Mada ni neno, chini yake kuna majibu mengi, kila jibu na masharti yake. Injini husoma majibu kutoka juu na kusimama kwenye la kwanza ambalo masharti yake yametimia. Tuseme mada ni "dhahabu". Jibu la juu kabisa liwe la hatua ya mwisho, shajara, yaani daftari linalohesabu hatua za kazi ya mchezaji, ikiwa imefika 50 au zaidi: "Mwizi umeshamjua, waniuliza nini tena?" Chini yake la hatua ya 20: "Mizani ya nahodha yule haijawahi kunipendeza." La mwisho halina sharti: "Dhahabu ya Sofala yote hupita hapa, karani. Yote tunayoiona." Mkigeuza mpangilio, lile lisilo na sharti likakaa juu, hayo mengine hayatasemwa milele, na mtakesha mkitafuta kosa kwenye shajara ambayo haina kosa.

Kiswahili kina mgogoro wake hapa, na sijaona wengi wakiufikiria kabla haujawakuta. Injini hugeuza neno kuwa kiungo cha kubonyeza kila inapokuta mada ndani ya jibu la mtu, na inalinganisha kuanzia mwanzo wa neno. Kiswahili hubadilisha maneno mbele. Mada ikiwa "mfanyabiashara" na mtu akasema "wafanyabiashara", injini haioni kitu. Mada ikiwa "bandari" na mtu akasema "bandarini", inaona, kwa kuwa mwanzo haukubadilika. Upande wa pili kuna mada fupi zinazodaka yasiyo yake: "mali" itawaka ndani ya "malipo" na "malisho". Kwa hiyo chagueni mada kutoka ngeli isiyobadilisha umbo kwa umoja na wingi: dhahabu, bandari, meli, mizani, forodha, njama. Majina ya watu na ya mahali ni salama zaidi. Mada za maneno mawili, kama "shehena iliyopotea", hazidaki ovyo. Ipo pia njia ya kuzungushia neno alama za `@` na `#` ili kulazimisha kiungo, iliyotumika katika tafsiri ya Kirusi, lakini ikiwa mnaandika upya kwa Kiswahili, kuchagua maneno vizuri kunatosha.

Maneno ya menyu yako sehemu mbili. Mengi ni mipangilio ya maandishi ndani ya `.omwgame`. Mengine yako katika faili za YAML chini ya folda ya `l10n`. Hapo ongezeni `sw.yaml` kando ya `en.yaml`, na kwenye `settings.cfg`, sehemu ya `[General]`, andikeni `preferred locales = sw,en`. Neno lisilotafsiriwa litaonekana kwa Kiingereza badala ya kupotea. Herufi hazina taabu, Kiswahili hakihitaji fonti maalumu.

Lua ilikuja na toleo la 0.48 mwaka 2023, na ndiyo itakayokupa wewe nafasi ya kuongeza yasiyokuwemo, kwa mfano dirisha la kukagua shehena. Kumbuka mgawanyo mmoja: skripti ya mchezaji inaweza kuonyesha vitu kwenye kioo lakini haina ruhusa ya kubadilisha dunia, skripti ya jumla inabadilisha dunia lakini haigusi kioo. Zinaongea kwa kutumiana matukio, `core.sendGlobalEvent` upande mmoja na kipokezi upande wa pili. Wengi wanaoanza wanalazimisha upande usio na ruhusa, kisha wanadhani injini ni mbovu.

Kuna jambo la kikazi ambalo msipoliamua mapema litawagombanisha. `.omwgame` si faili ya maandishi. Git, chombo cha kutunza matoleo ya kazi, itaitunza lakini haiwezi kuchanganya kazi za watu wawili walioihariri siku moja; mmoja atapoteza. Wewe shika `.omwgame`, mwenzako afanye kazi kwenye `.omwaddon` yake, yaani faili ya nyongeza, na kila Ijumaa muziunganishe kwa chombo cha kuunganisha kilichomo OpenMW-CS, kisha mwendeshe ukaguzi wake wa makosa. Vitambulisho viwe na kiambishi kimoja, kama `kw_`, na visibadilishwe baada ya watu kuanza kuhifadhi gemu zao.

Wakati wa kufungasha, wekeni `openmw.cfg` yenu kando ya programu yenyewe, na ndani yake badilisheni mistari ya `config=` na `user-data=` ielekee folda yenye jina la gemu yenu. Msipofanya hivyo, mchezaji mwenye OpenMW tayari atakuta mipangilio na hifadhi za gemu mbili zimechanganyika.

Je, Godot? Leseni yake ya MIT ni nyepesi zaidi, maelekezo yake ni mengi, na inatoa gemu za simu bila taabu, jambo zito kwetu ambako wengi hucheza kwenye simu. OpenMW ipo kwenye Android kwa juhudi za watu wa kujitolea, na kuicheza kwa vidole juu ya kioo ni kazi. Lakini kwenye Godot begi, shajara, mazungumzo, uhifadhi na akili za watu mtaviandika au mtaviunga wenyewe. Jiulizeni swali moja: je, mchezaji atazunguka mji mzima kwa uhuru, aingie nyumba yoyote, achukue kitungi juu ya meza ya mtu, na gemu ikumbuke kitungi hicho kiko wapi siku kumi baadaye? Kama ndiyo, OpenMW imeshawafanyia kazi ya miaka. Kama gemu yenu ni vyumba sita na mazungumzo mengi, bila mapigano wala uchawi, nawaambia kweli, nusu ya OpenMW itakuwa mzigo, na Godot itawafikisha upesi.

Msiamue kwa maneno yangu. Jipeni wiki mbili mtengeneze chumba kimoja cha forodha, mtu mmoja wa kuongea naye, sanduku moja lenye kufuli, na kazi moja yenye hatua tatu kwenye shajara, kisha kiendeshwe kwenye laptop ya GB 4 kupitia menyu ya kawaida. Miezi mitatu inatosha kwa jaribio hilo na pengine mtaa mmoja. Haitoshi kwa Kilwa.

Yapo mambo ambayo jibu la kusoma halitoshi. Kabla ya kuuza nakala ya kwanza, kaeni na wakili anayejua mali ya ubunifu, mkiwa na lile jedwali la faili mkononi, na mumuulize hasa kuhusu skripti za Lua na mkataba kati yenu wawili: nani anamiliki nini mmoja akiondoka. Kazi zenu zinaweza kusajiliwa Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na jina la gemu kama alama ya biashara kupitia BRELA. Kwa mambo ya Kilwa yenyewe, fikeni kwa wanaohifadhi magofu, mtazame kasri la Husuni Kubwa kwa macho na kupima milango kwa kamba. Mtauliza pia kilicholiwa, maana msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 hapakuwa na mahindi, muhogo, nyanya wala pilipili za Amerika jikoni, na nazi, mtama na samaki ndivyo vitakavyojaza meza zenu. Na mwenzako, akishindwa mifupa kwa zaidi ya wiki, asiendelee kujifungia. Amtafute mtu anayefanya uhuishaji, akae naye meza moja siku mbili na faili ile ile iliyogoma ikiwa wazi mbele yao, kwa kuwa kosa la mfupa mmoja uliogeuka upande huonekana haraka kwa jicho lililozoea na halielezeki kwa barua.